Maji ya Mshipani na Shinikizo Ndani ya Fuvu: Kwa Nini Kasi ya Dripu Si ya Kubahatisha

Katika wodi nyingi huonekana jambo hili. Mgonjwa amelala, chupa ya maji imetundikwa juu yake, na matone yanashuka moja moja. Jamaa aliyeketi kando anaitazama chupa ambayo bado imejaa, anatazama saa, kisha ananyoosha mkono na kulegeza kigurudumu kidogo kilicho kwenye mpira ili maji yaende mbio. Nia yake ni njema. Anaamini kwamba maji yakiisha mapema, mgonjwa atapata nafuu mapema na kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa baadhi ya wagonjwa kitendo hicho hakileti madhara yanayoonekana. Kwa wengine, hasa watoto wadogo na watu walioumia kichwa au walio na ugonjwa wa ubongo, kinaweza kugharimu uhai. Somo hili linaeleza jinsi maji yanayoingia mshipani kwa kasi yanavyoweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu, ni lini kasi hiyo ni hatari na ni lini ndiyo tiba yenyewe, na wajibu wa jamaa anayemwuguza mgonjwa.

Fuvu halipanuki

Fuvu la mtu mzima ni kama kifuu cha nazi: gumu, na halitanuki. Ndani yake mna vitu vitatu. Cha kwanza ni ubongo wenyewe, unaochukua takriban asilimia 80 ya nafasi. Cha pili ni damu iliyo katika mishipa ya kichwa, takriban asilimia 10. Cha tatu ni maji angavu yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, nayo huchukua takriban asilimia 10 iliyobaki.

Kwa kuwa nafasi haiongezeki, kimoja kikizidi lazima kingine kipungue. Kanuni hiyo ilielezwa na madaktari wawili wa Uskoti, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, na hadi leo hufundishwa kwa majina yao. Ubongo ukianza kuvimba, mwili hujitetea kwanza kwa kusukuma maji yale angavu kuelekea uti wa mgongo na kupunguza damu iliyo katika vena za kichwa. Katika hatua hii mgonjwa anaweza kuonekana hana tatizo kubwa. Lakini akiba hiyo ni ndogo. Ikishakwisha, ongezeko dogo tu hupandisha shinikizo ghafla. Ndiyo sababu mgonjwa aliyekuwa akizungumza asubuhi anaweza kupoteza fahamu kabla ya adhuhuri.

Mtoto mchanga ana tofauti kidogo. Mifupa ya fuvu lake haijaungana, na utosi wake bado ni laini. Shinikizo likipanda, utosi huo hutuna na kukazana. Hii ni ishara ambayo mama anaweza kuiona kwa macho na kuihisi kwa kidole.

Shinikizo la fuvu si sawa na presha

Watu wengi wakisikia neno shinikizo hufikiria presha, yaani nguvu ya damu katika mishipa inayopimwa kwa kufunga mkanda mkononi. Hivi ni vitu viwili tofauti, ingawa vinahusiana. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo la kawaida ndani ya fuvu ni kati ya milimita 7 na 15 za zebaki. Kwa watoto wadogo huwa chini ya hapo.

Ili damu ifike ubongoni, presha lazima ilishinde shinikizo la fuvu. Nguvu inayobaki ndiyo inayousukuma mzunguko wa damu ya ubongo. Hesabu yake ni ya kutoa tu:

Mtu mwenye afya: presha ya wastani 80, toa shinikizo la fuvu 10, inabaki 70. Ubongo unapata damu ya kutosha.

Mtu ambaye ubongo wake umevimba: presha ya wastani 80, toa shinikizo la fuvu 30, inabaki 50. Ubongo unaanza kukosa damu.

Mtu ambaye ubongo wake umevimba na pia amepoteza damu nyingi: presha ya wastani 60, toa shinikizo la fuvu 30, inabaki 30. Hapa chembe za ubongo zinakufa.

Hesabu hii ndiyo kiini cha somo lote. Maji ya mshipani yanaweza kumwokoa mgonjwa kwa kuinua namba ya kwanza, yaani presha. Yanaweza pia kumdhuru kwa kuinua namba ya pili, yaani shinikizo la fuvu. Kazi ya daktari au afisa wa kliniki ni kuinua ya kwanza bila kuinua ya pili.

Njia tatu ambazo maji huufikia ubongo

Kwa mtu ambaye ubongo wake ni mzima, lita moja ya maji ya chumvi ikiingia haraka haibadilishi sana shinikizo la fuvu. Mishipa ya damu ya ubongo hujibana na kujilegeza yenyewe ili kiasi cha damu kisizidi wala kupungua. Tatizo huanza pale ulinzi huo unapoharibika, kwa mfano kutokana na jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo au malaria kali ya ubongo. Hapo maji yanaweza kuleta madhara kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni wepesi wa maji yenyewe. Damu ina kiasi chake maalumu cha chumvi. Maji yenye chumvi kidogo kuliko damu yakiingia kwa wingi, damu huwa nyepesi, na maji huhama kutoka kwenye damu kuingia kwenye chembe za ubongo, ambazo hunywea na kuvimba. Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1919, watafiti wa Marekani Lewis Weed na Paul McKibben walionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba maji mepesi yakiingizwa mshipani huufanya ubongo uvimbe, na maji yenye chumvi nyingi huufanya usinyae.

Njia ya pili ni wingi. Maji yakizidi, vena hujaa. Damu inayotoka kichwani kurudi kwenye moyo hukuta njia imejaa na kuchelewa kutoka. Damu hujilimbikiza ndani ya fuvu, na pale ambapo mishipa imeharibika, maji huvuja na kuingia kwenye ubongo wenyewe.

Njia ya tatu hupitia kwenye mapafu. Maji mengi yakiingia upesi kuliko moyo unavyoweza kuyasukuma, mapafu hujaa maji. Mgonjwa hupumua kwa shida, oksijeni hupungua na hewa chafu huongezeka katika damu. Hali hiyo huitanua mishipa ya ubongo, damu huongezeka kichwani, na shinikizo hupanda.

Chupa zote si sawa

Chupa zinazotundikwa wodini hufanana kwa macho, lakini zilizomo ni dawa tofauti. Maji ya chumvi ya kawaida, yenye chumvi ya asilimia 0.9, yanakaribiana na damu na hayaifanyi iwe nyepesi. Maji ya Ringer, yenye chumvi za aina kadhaa, ni mepesi kidogo kuliko damu, nayo hutumika sana kwa walioishiwa maji kwa sababu ya kuhara.

Maji ya glukosi ya asilimia 5 yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo ambayo watu wengi huyaomba kwa jina, wakiamini kwamba yanaongeza nguvu. Chupa ya mililita 500 ina gramu 25 za sukari, takriban vijiko vidogo 6. Hiyo ni sukari ya vikombe viwili vya chai. Mwili huitumia sukari hiyo upesi, na kinachobaki katika damu ni maji matupu yasiyo na chumvi. Maji hayo yakiwa mengi kwa mgonjwa wa ubongo, yanafuata ile njia ya kwanza iliyoelezwa hapo juu. Hii haina maana kwamba glukosi ni mbaya. Mtoto ambaye sukari yake imeshuka anahitaji glukosi bila kuchelewa, na watoto wengi hupewa glukosi iliyochanganywa na maji yenye chumvi. Maana yake ni kwamba haitolewi kwa sababu tu mgonjwa anahisi mchovu.

Yapo pia maji ambayo hupewa mgonjwa ili kupunguza uvimbe wa ubongo, kama vile maji yenye chumvi nyingi na dawa iitwayo manitoli. Haya huvuta maji kutoka kwenye ubongo na kuyarudisha katika damu. Hutolewa hospitalini, chini ya uangalizi wa karibu.

Utafiti uliobadilisha mawazo

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu anapaswa kuongezewa maji mengi haraka. Ndivyo vitabu vya nchi tajiri vilivyofundisha, na ilionekana kuwa ni jambo la akili tu. Lakini katika hospitali za Afrika kanuni hiyo haikuwa imepimwa kwa utafiti mkubwa.

Kipimo hicho kilifanyika Afrika Mashariki. Utafiti ujulikanao kwa jina la FEAST, ulioongozwa na daktari Kathryn Maitland anayefanya kazi Kilifi, ulianza mwaka 2009 katika hospitali 6: moja ya Kenya, moja ya Tanzania na nne za Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu bila upendeleo. Makundi mawili yaliongezewa maji haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. Moja lilipewa maji ya chumvi na jingine maji yenye protini ya damu iitwayo albumini. Kundi la tatu lilipewa maji ya polepole ya kukidhi mahitaji ya kila siku tu. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa.

Matokeo yaliwashangaza watafiti wenyewe. Katika saa 48 za kwanza, watoto karibu 11 kati ya kila 100 walioongezewa maji haraka walifariki. Katika kundi la maji ya polepole walifariki takriban 7 kati ya kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake mnamo Januari 2011, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo.

Wengi walidhani kwamba sababu kuu ingekuwa ubongo kuvimba au mapafu kujaa maji. Dalili hizo zilionekana kwa watoto wachache. Vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa kufanya kazi. Kwa hiyo funzo ni pana zaidi ya fuvu peke yake: maji yakiingia kwa kasi isiyohitajika yanaweza kuulemea mwili mzima, na mtoto anayeonekana kupata nafuu katika saa ya kwanza anaweza kuzidiwa baadaye.

Mtoto mmoja, chupa moja, magonjwa mawili

Mfano huu unaonyesha kwa nini kasi hailingani kwa kila mgonjwa. Chukua mtoto wa kilo 10, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Mwili wake wote una damu ya takriban mililita 800. Chupa ya mililita 500 ni zaidi ya nusu ya damu hiyo.

Kwanza, mtoto huyu ana homa kali na degedege, na inashukiwa kuwa ni malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Hana dalili za kuishiwa maji. Mahitaji yake ya kawaida ni takriban mililita 40 kwa saa. Kwa mpira wa matone madogo, ambao mililita moja ni matone 60, hiyo ni matone 40 kwa dakika. Kwa kasi hiyo chupa itachukua zaidi ya saa 12. Jamaa akifungua kigurudumu na chupa ikaisha kwa nusu saa, mtoto atakuwa amepokea maji kwa kasi ya mara 25 ya aliyoandikiwa.

Pili, mtoto huyohuyo amehara siku nzima. Macho yamezama, ngozi ikivutwa hurudi polepole sana, na hawezi kunywa. Hana utapiamlo. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, anapaswa kupewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, yaani mililita 300, kisha mililita 700 ndani ya saa mbili na nusu. Hapa kasi ndiyo tiba, na kuchelewa ndiko kunakoua. Hali ni hiyohiyo kwa mtu mzima mwenye kipindupindu, ambaye anaweza kuhitaji lita kadhaa kwa saa chache.

Mtoto ni mmoja na chupa ni ileile. Kinachobadilisha kasi ni ugonjwa, uzito na umri. Ndiyo sababu miongozo ya kutibu watoto nchini Kenya humtaka mhudumu achunguze ishara kwa pamoja kabla ya kuongeza maji haraka: mikono iliyo baridi, mpigo dhaifu wa mshipa, damu inayochelewa kwa zaidi ya sekunde 3 kurudi kwenye ukucha uliobanwa, na fahamu kupungua. Ishara moja peke yake haitoshi.

Majeruhi wa ajali

Ajali za bodaboda huleta majeruhi wengi wa kichwa. Ipo dhana kwamba majeruhi wa kichwa asipewe maji kabisa, ubongo usije ukavimba. Dhana hiyo pia ni hatari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba majeruhi ambao presha yao ilishuka chini ya 90 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Ukirudia ile hesabu ya kutoa, sababu itaonekana: ubongo uliovimba ndio unaohitaji presha isiyoshuka.

Kwa hiyo majeruhi anayevuja damu huongezewa maji ya chumvi ya kawaida, au damu, mpaka presha itengemae. Aina ya maji nayo ina uzito. Katika utafiti wa Australia na New Zealand uliotolewa mwaka 2007, majeruhi wa kichwa waliopewa albumini walifariki 33 kati ya 100 ndani ya miaka miwili, ilhali waliopewa maji ya chumvi walifariki 20 kati ya 100.

Dalili za shinikizo kupanda

Jamaa aliye kando ya kitanda huwa wa kwanza kuona mabadiliko. Amwite muuguzi mara moja akiona dalili yoyote kati ya hizi:

1. Maumivu ya kichwa yanayozidi, au kutapika kunakorudiarudia.
2. Usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, au mgonjwa haamshiki kwa urahisi.
3. Degedege, au mwili kukakamaa.
4. Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine.
5. Utosi wa mtoto mchanga kutuna akiwa ametulia na ameinuliwa.
6. Kupumua kwa shida, kukohoa povu, au kupumua kwa kukatizwakatizwa.
7. Macho, uso au miguu kuvimba wakati maji yakiendelea kuingia.

Muuguzi akipima na kukuta presha imepanda, mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole na upumuaji hauna mpangilio, hiyo ni dharura. Daktari Mmarekani Harvey Cushing alieleza uhusiano wa ishara hizo na shinikizo la ubongo mwanzoni mwa miaka ya 1900, na bado zinategemewa.

Wajibu wa mgonjwa na jamaa

Kwanza, asiguse kigurudumu cha dripu wala kuinua chupa juu zaidi, kwa maana kuinua chupa pia huongeza kasi. Mpira ukisimama, mkono ukivimba au damu ikirudi kwenye mpira, amwite muuguzi.

Pili, ana haki ya kuuliza: haya ni maji gani, ni ya nini, na yanatakiwa kuisha saa ngapi? Akijua chupa ya mililita 500 imepangiwa saa 4, ataelewa kwamba kwa mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita inatarajiwa kushuka matone 42 hivi kwa dakika. Anaweza kuhesabu kwa saa ya simu na kutoa taarifa akiona tofauti kubwa.

Tatu, amweleze mhudumu mapema kama mgonjwa ana ugonjwa wa moyo au figo, ameumia kichwa, amepata degedege, au ni mtoto aliyekonda kwa utapiamlo. Mtoto atapimwa uzito, kwa sababu kiasi cha maji hufuata kilo zake.

Nne, asinunue huduma ya kuwekewa maji nyumbani au dukani kwa ajili ya uchovu. Anayeweza kunywa hana haja ya sindano. Mtoto anayehara na bado anakunywa apewe ORS na zinki mapema, na kituo cha afya kilicho karibu ndicho kitakachoamua kama anahitaji maji ya mshipani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mgonjwa wa ubongo anaweza kuzidiwa ghafla baada ya kuonekana yuko sawa?
2. Presha ya wastani ni 70 na shinikizo la fuvu ni 25. Nguvu inayofikisha damu ubongoni ni ngapi?
3. Watoto wawili wana uzito sawa. Mmoja amehara mpaka hawezi kunywa, mwingine ana degedege na homa. Nani anahitaji maji ya haraka?

Majibu: (1) Akiba ya nafasi ndani ya fuvu ni ndogo, ikishakwisha, ongezeko dogo hupandisha shinikizo kwa ghafla. (2) 45. (3) Aliyehara, kwa kipimo cha uzito wake. Mwenye degedege hupewa ya polepole, isipokuwa mhudumu amethibitisha kwamba mzunguko wake wa damu umeshindwa.